Wote Walikataa Kwanza: Maneno Yangu Kuhusu The Two Towers

Muvi ya pili kati ya tatu ina shida ambayo ya kwanza na ya tatu hazina. Ya kwanza inakutambulisha watu, ya tatu inawazika au inawaozesha. Ya pili inawakuta watu wameshajulikana na hairuhusiwi kumaliza jambo lolote kubwa. Sisi wa Dar es Salaam tunalijua hili kwa uchungu, maana Bongo Muvi zilitulea kwenye Pati Wani na Pati Tuu. Hadithi moja inakatwa vipande viwili, inauzwa DVD mbili, na mkato unakuja popote, hata mama mkwe akiwa ameinua mkono kumzaba mkwewe kofi. Unalipa tena ili uone huo mkono ukishuka. Kwa hiyo mtu akinisifia muvi ya kati, nashika pochi kwanza.

Hata hivyo kuna moja ambayo nimekuwa nikiibishania kijiweni kwa miaka mingi: The Two Towers ya Peter Jackson, ya Desemba 2002, ile ya pili katika The Lord of the Rings, safari ya Frodo na rafiki yake Sam kwenda kuiteketeza Pete ya adui mkuu kwenye moto wa Mordor. Nina sababu yangu ya kuing'ang'ania. Niliiona ya pili kabla ya ya kwanza. Kwenye vibanda umiza vya Tandika hakuna aliyekuwa akiuliza mpangilio. DVD iliyopatikana ndiyo hiyo hiyo. Ubao wa nje uliandikwa kwa chaki: saa nane ya Kihindi, saa kumi MAPETE 2, usiku mpira. Unatoa jero, unabanwa kwenye benchi, feni inazungusha joto lile lile, na sauti ya DJ inakueleza nani ni nani. Hii ni kazi ambayo tangu enzi za Lufufu, msimulizi wetu wa muvi, ina heshima yake mjini hapa: mfasiri hatafsiri tu, anasimulia, anakejeli, anaonya. Basi nikaingia katikati ya safari ya watu nisiowajua, na nikaelewa. Hilo peke yake ni sifa kubwa kwa muvi ya kati.

Inaanza hivi. Milima yenye theluji, kimya, kamera inaelea. Halafu kwa mbali, kutoka ndani ya mwamba, unasikia watu wakipiga kelele. Kamera inapenya jiwe na tunamkuta mzee Gandalf darajani, uso kwa uso na jitu la moto. Walioona ya kwanza wanajua kwamba hapo mzee aliangukia shimoni tukabaki juu na waliokuwa wakilia. Safari hii tunaanguka naye. Anadaka upanga wake hewani, anamkamata yule jitu, wanapigana huku wanashuka, mpaka wanatumbukia kwenye ziwa chini kabisa ya dunia. Ghafla Frodo anaamka. Hakuna muhtasari, hakuna sauti ya kukukumbusha yaliyopita. Aliyeona ya kwanza anapewa kitu kipya juu ya kile alichokijua, na asiyeiona, kama mimi, anapewa babu mwenye ndevu anayeanguka huku anapigana na moto. Wote wawili wameshiba.

Sasa tuingie kwenye matatizo. Hapa lazima nirudi kwenye kitabu kidogo, wasiopenda vitabu mnivumilie.

J.R.R. Tolkien, ambaye kwa taarifa tu alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, hakuandika vitabu vitatu. Aliandika kazi moja ndefu. Mchapishaji wake wa London ndiye aliyeigawa, kwa sababu gharama za uchapaji baada ya vita zilikuwa juu na kitabu kikubwa namna ile kilikuwa kamari. Juzuu ya pili ikatoka Novemba 1954. Kwa hiyo hata kwenye karatasi, hii ya kati ni ya kati kwa sababu za kibiashara. Lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho wenye nguvu: inafunguka na kifo cha Boromir, mmoja wa wasafiri wenzake Frodo, na inafunga Frodo akiwa amechomwa na buibui mkubwa, adui wamembeba, Sam amebaki nje ya lango.

Jackson alivichukua vyote viwili akavigawa kwa ndugu zake. Kifo cha Boromir kikaenda kufunga muvi ya kwanza, na kule kilikaa vizuri sana. Buibui akapelekwa kwenye ya tatu. Ikabaki juzuu iliyokatwa kichwa na miguu. Ndipo waandishi wa muvi, Jackson mwenyewe na Fran Walsh, Philippa Boyens na Stephen Sinclair, wakajikuta na kiwiliwili kinachotakiwa kitembee kwa dakika 179.

Walichofanya ni hiki, na ukishakiona huwezi tena kuacha kukiona. Walimchukua kila mtu mwema na kumfanya akatae kwanza.

Mfalme Théoden, kwenye kitabu, akishaponywa anapanda farasi kwenda vitani, na habari mbaya za njiani ndizo zinazomfanya ageukie ngomeni. Kwenye muvi anaambiwa na Gandalf atoke akapigane, anasema hapana, hataki kuwaingiza watu wake kwenye vita ya wazi, anakusanya wanawake na watoto anakimbilia ngome ya Helm's Deep. Treebeard na wenzake, ile miti inayotembea, kwenye kitabu wanakaa kikao siku tatu na wanatoka na uamuzi wa vita. Kwenye muvi wanakaa kikao na wanatoka na uamuzi wa kurudi nyumbani. Faramir, mdogo wake Boromir, kwenye kitabu anagundua Frodo ana Pete, anasema hata angeikuta njiani asingeiokota, anampa chakula na kumwacha aende. Kwenye muvi anamfunga na kumburuta mpaka mji wa Osgiliath akaitoe Pete zawadi kwa baba yake.

Watatu, na wote wamesukumwa upande ule ule. Si bahati mbaya. Kwa kuwafanya wakatae mwanzoni, muvi inapata kitu cha kukifikia mwishoni: nusu saa ya mwisho ambamo mfalme anatoka na farasi, miti inashuka kubomoa Isengard, ngome ya mchawi mwovu Saruman, na Faramir anafungua kamba. Hadithi tatu ambazo kwenye kitabu hazikutani zote pamoja, maana nusu ya kwanza ni ya vita na nusu ya pili ni ya Frodo na Sam tu, zinapanda mlima pamoja na kufika kileleni kwa pumzi moja. Ndiyo maana mimi niliyeingia bila tiketi ya muvi ya kwanza nilitoka nikiwa nimeridhika. Jackson aliijengea muvi ya kati mwisho wake mwenyewe. Kifundi, nampa heshima zake.

Gharama yake ni kwamba watu wema wote wamepungua kimo.

Chukua hao Waenti, yaani ile miti inayotembea. DJ wetu alipoona wanavuta maneno, aligeuza mkutano wao kuwa kikao cha serikali ya mtaa: kwanza tusome muhtasari wa kikao kilichopita, mjumbe wa kushoto anauliza posho, mwenyekiti anasema hoja iletwe kwa maandishi. Kibanda kizima hoi kwa kicheko. Lakini alikuwa ameshika udhaifu wenyewe. Wazee wale wanakataa, halafu Pippin, mmoja wa wenzake Frodo, anamzuga Treebeard apite njia ya kusini, wanatokea kwenye uwanda wa visiki, na Treebeard anashangaa kukuta miti aliyoijua tangu mbegu imekatwa. Subiri kidogo. Huyu ndiye mchungaji wa msitu. Saruman amekuwa akichoma magogo kwenye tanuri lake kwa miezi, moshi umefunika bonde, na mchungaji hana habari? Sisi ambao mkaa wa jikoni unatoka huko Kisarawe tunajua msitu ukipungua mtu wa kwanza kujua ni anayekaa humo. Kwenye kitabu Treebeard anajua vizuri na ana hasira zake tayari. Muvi ilihitaji ashtuke, basi ikamfanya asijue.

Nakiri kwamba wakishaamua, roho inasuuzika. Mito inafunguliwa, maji yanasomba majukwaa na matanuri, na kuna yule mmoja anayewaka moto kichwani anakimbia kwenda kuinama majini kujizima. Ni sekunde chache tu, lakini kila nikiitazama muvi hii na watu, lazima mtu aseme "muone yule!"

Faramir ndiye anayeniuma zaidi. Utetezi wa waandishi naujua na una mantiki: Pete imeelezwa kuwa inamtia wazimu kila anayeikaribia, sasa akitokea bwana mmoja aikatae kirahisi, hofu yote tuliyojengewa inavuja. Tena buibui akishaondolewa, upande wa Frodo unabaki bila kikwazo chochote, kwa hiyo Faramir akapewa kazi ya buibui. Sawa. Lakini tazama wanavyomgeuza. Wanafika Osgiliath, mzuka wa adui unatua na mnyama wake mwenye mabawa, na Frodo anapanda ukutani kama amelewa, Pete mkononi, tayari kuivaa mbele ya mtumishi wa yule anayeitafuta. Sam anamrukia, wanabingirika ngazi, Frodo anamwekea Sam upanga kooni. Faramir anayashuhudia haya. Na baada ya kuyaona, ndipo anasema nendeni.

Mimi ningekuwa Faramir ningezidisha kamba. Umemwona mtu kashindwa kujizuia mbele ya adui mmoja, ndiyo unamruhusu aende nyumbani kwa adui mkuu, bila ulinzi, na mwongozaji ambaye askari wako wametoka kumpiga? Muvi inataka nihisi Faramir ameelewa. Ninachokiona ni mtu aliyechoka na kesi.

Kwenye nakala ndefu, ile ya dakika 223, kuna kumbukumbu fupi ya Faramir, Boromir na baba yao Denethor kwenye magofu yale yale, baba akimsifia mkubwa na kumkaripia mdogo hadharani. Dakika chache tu hizo, na ghafla unamwelewa kijana: si Pete inayomvuta, ni baba. Waliikata kwenye nakala ya sinema wakaacha Aragorn, steringi wetu, aanguke kwenye genge.

Ah, lile genge. Katikati ya safari ya kukimbilia ngomeni, wanavamiwa na wapanda mbwamwitu, Aragorn anaburutwa na kudondoka mtoni. Muziki wa msiba. Legolas anakodoa macho. Na nyuma kabisa kwenye kibanda, sauti ya mtu ambaye hata hakuacha kutafuna karanga: "Huyo anarudi. Steringi hafi." Hilo ndilo sheria ya kwanza ya mtazamaji wa Dar na hakuna mwandishi wa muvi aliyewahi kuishinda. Kwenye kitabu tukio hilo halipo. Limewekwa ili Éowyn, mpwa wa mfalme, alie, Arwen, mpenzi wa Aragorn, aonekane ndotoni, na Aragorn arudi na habari za jeshi linalokuja, habari ambazo mpelelezi mmoja juu ya farasi angezileta kwa nusu dakika. Hapa muvi ya kati inafanya kosa la Pati Tuu: inaazima hofu ya kifo ambayo haina nia ya kuilipa.

Kisa cha Viggo Mortensen, aliyecheza Aragorn, kuvunjika vidole vya mguu akipiga picha nakiacha, kimeshachuja.

Wengi mkiulizwa nguvu ya muvi hii mtasema Helm's Deep, na sitabishana sana. Walipiga picha ile usiku kwa miezi, kwenye machimbo ya mawe karibu na Wellington, wakinyeshewa mvua ya kutengeneza. Stephen Regelous aliwaandikia programu iitwayo Massive ambamo kila askari wa kompyuta anaamua mwenyewe ageukie wapi na ampige nani, kwa hiyo ukitazama kona ya picha hukuti watu wanaorudia mkono ule ule. Na zile kelele za kikosi cha Saruman kabla ya vita, Jackson alizirekodi kwa mashabiki wa kriketi uwanjani Wellington, akawafundisha maneno wakapiga kelele na kukanyaga. Aliyewahi kukaa jukwaani siku ya Simba na Yanga anajua kwa nini alifanya hivyo. Hakuna studio inayoweza kutengeneza ule mngurumo unaoingilia miguuni. Tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti waliyoipata walistahili, na ile ya madoido ya picha pia.

Ila kinachonishika mimi pale si wingi. Ni mzee mmoja. Jeshi elfu kumi limesimama chini ya ukuta, mikuki inagonga ardhi, mvua inapiga chuma, na ukutani wamejipanga wazee na watoto kwa sababu vijana hawatoshi. Mzee mmoja ameshikilia upinde uliovutwa, mkono umechoka, unatetemeka, na mshale unamponyoka. Unaenda kumkita askari mmoja shingoni. Kelele zinakatika. Askari anasimama, anayumba, anadondoka kifudifudi. Vita kubwa kuliko zote katika muvi inaanzishwa na misuli ya babu. Hilo halijafanywa na kompyuta yoyote.

Na hapo pia kuna deni. Waelfu, wale watu wasiozeeka, wanaokuja kusaidia wanapendeza wakiingia kwa mstari, lakini kwenye kitabu hawakuja, na ujio wao unakula ile huzuni ya watu mia tatu walioachwa peke yao. Éowyn, ambaye ametoka kumwambia Aragorn kwamba anachokiogopa ni kufungiwa kizimbani, anafungiwa pangoni na wanawake na watoto, na muvi inamsahau humo mpaka vita iishe. Gimli, yule mbilikimo, amekuwa mchekeshaji wa ufupi wake mwenyewe: haoni juu ya ukuta, arushwe kama gunia, haya tucheke. Mara ya kwanza nilicheka. Arwen walimpigia picha akipigana Helm's Deep, wakaghairi, na ndiyo maana mchango wake umebaki kuwa ndoto na machozi kule Rivendell. Ni ndoto nzuri, hasa ile baba yake anapomwonyesha kaburi la mume atakayezeeka, lakini kila inapoingia, farasi wote wanasimama.

Nimeacha kilicho bora kwa makusudi.

Andy Serkis alicheza Gollum, kile kiumbe kinachowaongoza Frodo na Sam, mara mbili: kwanza na wenzake kwenye mawe na matope, kisha peke yake studio akiwa na nguo za kunasa mijongeo, na mafundi wakauchora uso kwa kuufuata wa kwake. Mwaka 2002 hatukuwa tumeona kitu kama kile. Leo tumeona mengi, na bado kile hakijazeeka, kwa sababu nguvu yake haiko kwenye ngozi. Usiku mmoja Frodo na Sam wamelala. Gollum anaongea peke yake. Mwanzoni kamera inazunguka uso mmoja, unaona ukibadilika: mkali, mnyonge, mkali. Halafu bila kukuaga, picha inaanza kukatwa kana kwamba wako wawili, mmoja anatazama kulia, mwingine kushoto. Mkali anamwambia mnyonge kuwa hana rafiki. Mnyonge analia. Mkali anamwita muuaji. Na mnyonge, kwa sauti inayotetemeka, anamwambia aende zake asirudi tena. Anasema tena. Anageuka kutafuta kama yule mwingine bado yupo, hayupo, na anaruka kwa furaha kama mtoto. DJ wetu alitumia sauti mbili kweli, moja ya kukwaruza na moja ya kubembeleza, na kibanda kilichokuwa kinapiga soga kikatulia kumfuata.

Sasa weka hili pembeni ya yale niliyosema. Wema wote wanatoka kwenye kukataa wanakwenda kwenye kukubali. Gollum peke yake anakwenda kinyume. Yeye amekubali. Amekula kiapo, amewinda sungura kwa ajili ya bwana wake, amemfukuza shetani wake. Kisha Frodo anamwita pale kwenye dimbwi la siri, amwamini, aje, na akija askari wa Faramir wanamdaka na kumtwanga. Frodo alifanya hivyo kumwokoa asipigwe mshale, lakini hilo Gollum halijui. Amejikunyata, kaugeuzia ukuta uso, na ile sauti ya kukwaruza inarudi kumuuliza kwa upole mbona unalia. Hakuna katika muvi hii mtu mwingine ambaye uamuzi wake una sababu safi namna hiyo. Hakuzugwa kupita njia ya kusini. Alisalitiwa, au aliona amesalitiwa, na akabadilika.

Karibu na mwisho Sam anatoa hotuba yake Osgiliath, huku picha zinaonyesha ngome imeokoka na maji yamejaa Isengard. Anasema kwamba watu wa zile hadithi kubwa walikuwa na nafasi nyingi za kurudi nyuma na hawakurudi. Watu wengi wanalia hapo, mke wangu mmoja wao. Mimi nabaki na swali: Sam, unamsema nani? Théoden alirudi nyuma. Treebeard alirudi nyuma. Huyo aliyesimama mbele yako na kamba mkononi alirudi nyuma na akakurudisha na wewe. Kwenye kitabu maneno hayo yako kwingine, kwenye ngazi za kupandia pangoni kwa buibui, na yanasemwa na watu wawili ambao kweli hawakugeuka. Kwenye muvi yamegeuzwa gundi ya kubandika hadithi tatu, na yanabandika kitu ambacho tumetoka kuona kinyume chake.

Nikimwambia hivyo kijiweni rafiki yangu mmoja fundi redio, ananijibu kwamba mtu anayekataa kwanza halafu akaja ndiye wa kweli, na kwamba hao wa kitabu wanaokubali siku hiyo hiyo yeye hajawahi kukutana nao Temeke. Hoja yake naisikia. Kwa mmoja ningeikubali. Kwa watatu, kwa wakati mmoja, naona mkono wa fundi.

Muvi haifungi na hotuba hiyo. Inafunga na Gollum msituni, mbele ya wenzake hatua chache, akinong'ona na nafsi yake: tusiwaue wenyewe, labda tumwachie "yeye" afanye. Buibui hatajwi jina wala haonekani. Kisha anawageukia kwa tabasamu, twendeni, na kamera inapanda juu ya miti mpaka kwenye moto wa Mordor. Nilipoiona mara ya kwanza sikujua huyo "yeye" ni nani, na hakuna aliyejua pale kibandani isipokuwa DJ, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alikataa kusema mambo ya mbele. Kama buibui angebaki kwenye muvi hii, tungemaliza na Frodo amelala kama maiti na jamaa wa karanga angesema neno lake lile lile kuhusu steringi. Badala yake tulitoka nje tukibishana kuhusu Gollum: kuna waliosema mtu akishapigwa vile ana haki, na kuna waliosema alikuwa mwizi toka mwanzo. Mwenye kibanda alitufukuza mlangoni ili waingie wa mpira.